Mkitaka kututumia treni, tuulizeni reli kwanza

Leo hatuandiki juu ya mgao wala juu ya maji. Tunaandika juu ya treni ndogo, zile zenye kutembea kwa umeme juu ya reli ndogo, za kuwekwa mezani. Msicheke kwanza. Kuna jambo la kuamua kabla ya mwezi huu kuisha, na tukinyamaza wataliamua watu ambao hawatakaa na hizo reli hata siku moja.

Jambo lenyewe ni hili. Kituo chetu cha vijana hapa mkoani Kigoma kimeahidiwa vifaa vya reli ndogo kwa ajili ya darasa la ufundi la jioni. Mfadhili yuko Ulaya, ana moyo mzuri, na ameuliza kupitia ofisi tunataka treni gani. Vijana wengi wameshajibu: ya mwendo kasi, nyekundu, yenye mabehewa kumi. Sisi tunasema swali limeanzia mkiani. Cha kwanza kuchagua ni reli. Na kwenye reli, cha kwanza kuangalia ni pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Reli ikiwa mbaya, hata treni ya bei kubwa itabaki kuwa pambo la dirishani.

Tunalosema tumeliona. Mwaka jana lilifika sanduku kubwa kutoka kwa wasamaria wengine. Tulilifungua wote, wakubwa na watoto, kwa shangwe. Ndani mlikuwa na reli za upana wa aina mbili, za milimita 16.5 na za milimita 9. Hizo za milimita 9 nazo zilikuwa za makampuni tofauti: zingine zina kitanda cha plastiki chini yake na zinabanana zenyewe, zingine hazina kitanda na zinataka vibati vya kuungia ambavyo havikuwemo. Pointi zilikuwa 11, lakini zenye kuungana ni 2 tu. Vichwa vya treni vilikuwa 3, vizuri kabisa, na hakuna hata kimoja kilichomaliza mzunguko. Watoto walikuja siku tatu. Siku ya nne hawakuja. Hatuwalaumu waliotuma, kwa sababu walitoa walichokuwa nacho. Ila hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyekuwa na jibu tayari. Safari hii tuwe nalo.

Tuanze na upana, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Tanzania hii tunayoishi ina reli za upana wa aina tatu. Reli ya kati, ile inayotoka Dar es Salaam na iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1000 kutoka chuma kimoja hadi kingine. TAZARA, inayokwenda Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilometa 1,860, ina milimita 1067. Hiyo 1067 ndiyo ya kwetu Kongo pia, kule Kalemie, Kabalo na Lubumbashi. Halafu kuna SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, hiyo ni milimita 1435.

Kati ya 1000 na 1067 tofauti ni milimita 67, kama upana wa vidole vinne vya mkono. Lakini vidole vinne hivyo si mchezo. Pale Kidatu, mkoani Morogoro, reli ya kati na TAZARA zinafika mahali pamoja, na bado mzigo unabidi ushushwe kwenye behewa la reli moja upakiwe kwenye behewa la reli nyingine. Sasa kama serikali mbili zenye wahandisi zinalazimika kupakua mizigo kwa sababu ya vidole vinne, kijana wetu wa miaka 14 ataunganishaje reli ya 16.5 na ya 9? Hawezi. Atalia, au atatupa.

Kwa reli ndogo majina ya vipimo ni haya. H0 ni treni iliyopunguzwa mara 87, na reli yake ni milimita 16.5. N ni iliyopunguzwa mara 160, reli yake milimita 9. Z ni iliyopunguzwa mara 220, reli yake milimita 6.5. Herufi N imetokana na namba tisa: kwa Kifaransa neuf, kwa Kijerumani neun, kwa Kiingereza nine. Kwetu ni tisa, haina N, lakini treni haijali.

Mnaosoma hesabu chukueni kalamu. Gawa 1435 kwa 160: unapata karibu 9. Maana yake reli ya N ni SGR yenyewe iliyopunguzwa. Gawa 1000 kwa 160: unapata 6.25. Kwa hiyo anayetaka reli ya zamani ya Kigoma kwa kipimo hicho hicho itabidi atumie reli ya Z. Wapo wenzetu waliosema basi tuchukue Z, ndiyo ya kwetu, treni ya zamani ndiyo tunayoijua. Tunawaelewa. Lakini reli ya milimita 6.5 kwenye vumbi hili jekundu ni mateso. Chembe ya mchanga ambayo treni ya N inaipita, kwa treni ya Z ni jiwe. Halafu vifaa vyake vinapatikana kwa shida kuliko vya N. Tuipende reli ya zamani, lakini darasa tulianze na N.

Na H0 je? Wengi wanaipenda kwa sababu ni kubwa, mtoto anaona magurudumu vizuri. Hapo tupime ubao. Plaiwudi inayouzwa madukani ni futi 8 kwa 4. Tukikata robo yake tunapata kipande cha sentimita 122 kwa 61, ambacho vijana wawili wanakibeba bila shida na kinapita mlangoni. Kona moja ndogo ya H0 ina nusu kipenyo cha milimita 371. Zidisha mara mbili: 742. Ubao wetu una milimita 610. Haiingii, mjadala umekwisha. Kona ya N ya Kato, ambao ni Wajapani, ina nusu kipenyo cha milimita 249. Mara mbili ni 498. Inabaki milimita 112, yaani 56 kila upande, na treni haianguki chini hata ikitoka njiani. Kwa hiyo N hatukuichagua kwa mapenzi. Ubao ndio umechagua.

Sasa tuje kwenye aina ya reli yenyewe, maana hapa kwenye kikundi chetu tumegawanyika, tuseme ukweli.

Upande mmoja unataka reli laini inayopinda. Hiyo inauzwa kwa vipande virefu. Peco wa Uingereza wana vya milimita 914. Unaikunja unavyotaka, unaikata kwa msumeno mdogo, unaipigilia kwenye ubao, unaunganisha nyaya kwa kulehemu, halafu unamwaga kokoto ndogo ndogo na gundi. Ikimalizika inapendeza kama reli ya kweli. Hilo hatubishi. Na ni kweli kwamba vijana wangejifunza kulehemu.

Upande wa pili, ambao ni sisi tunaoandika, tunataka reli zenye kitanda. Kila kipande kina plastiki chini yake iliyochongwa kama tuta la kokoto, na ncha zake zinabana na kipande kingine. Unabana, unapata reli. Unabandua, unarudisha kwenye boksi.

Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni ukumbi. Kila mtu hapa anaujua: asubuhi ni darasa la kushona, mchana ni mikutano, Jumapili ni sala. Hakuna meza itakayobaki na reli juu yake wiki nzima. Ubao utasimamishwa ukutani kila jioni, na kitu cha kubandua kitadumu kuliko cha gundi.

Ya pili ndiyo kubwa, na tunaomba mtusikilize vizuri. Sisi ni watu wa kuondoka. Mmoja anapata safari ya nchi ya tatu, mwingine familia yake inaamua kurudi nyumbani, mwingine anahamishiwa kambi nyingine. Kwenye kikundi chetu aliyejua kulehemu vizuri kuliko wote alishaondoka. Tulifurahi kwa ajili yake, tukamsindikiza, na kesho yake redio iliyoharibika haikuwa na wa kuitengeneza. Tukipigilia reli ambayo mtu mmoja tu ndiye anajua nyaya zake zinapita wapi, siku akipanda basi reli inakufa. Reli ya kubana mtoto wa darasa la sita anaipanga. Akiondoka yeye, mdogo wake anaipanga. Kambini kitu kizuri ni kile kinachoweza kubaki mikononi mwa atakayebaki.

Kulehemu tutajifunza pia, kwenye redio na taa za sola. Kazi ya kulehemu haijawahi kuisha kambini.

Kuhusu chuma cha reli tusibahatishe. Reli ndogo za zamani nyingi ni za shaba nyeupe au za chuma cha kawaida. Chuma kinaota kutu. Shaba nyeupe inapata utando juu, na utando huo unazuia umeme, kwa hiyo treni inasimama-simama. Reli nyingi za sasa ni za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Utando wake hausumbui umeme sana, ukipitisha kitambaa chenye spiriti kidogo inatosha. Msipitishe msasa, jamani. Msasa unaacha mikwaruzo, mikwaruzo inashika vumbi, na kesho ni chafu kuliko jana. Kwenye orodha yetu tuandike wazi: nikeli tu. Mtu akitaka kututumia za shaba nyeupe za babu yake, tumshukuru kwa heshima na tumwombe azihifadhi kama kumbukumbu.

Sasa pointi. Mzee wetu mmoja hapa kambini aliwahi kufanya kazi ya reli kule Kalemie, alikuwa anageuza pointi kwa mkono. Yeye anatuambia kwamba kwenye njia nyoofu hata mtu mvivu anaweza kufanya kazi, ila pointi ndiyo inayomtambulisha fundi. Tumeona kwenye reli ndogo ni vile vile. Treni ikitoka njiani, angalia pointi kwanza. Treni ikisimama ghafla, angalia pointi kwanza. Na pointi ndiyo ghali: kwa bei ya moja unaweza kupata vipande vingi vya reli nyoofu. Ndiyo maana hatutaki zinunuliwe kwa macho.

Pointi ina sehemu mbili za kuzijua. Kuna ndimi, vile vyuma viwili vyembamba vinavyosogea kushoto na kulia. Na kuna moyo, pale ambapo reli ya kulia ya njia ya kushoto inakutana na reli ya kushoto ya njia ya kulia. Hapo moyoni ndipo pana kesi. Treni hizi zinakula umeme kutoka kwenye reli zenyewe: reli moja ni chanya, nyingine ni hasi. Moyoni chanya na hasi zinakutana, na zikigusana ni shoti.

Makampuni yametatua kesi hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuweka moyo wa plastiki. Shoti hakuna, lakini umeme nao hakuna kwenye kile kipande. Kichwa kirefu cha treni kinapita, kwa sababu magurudumu ya mbele yakiwa kwenye plastiki ya nyuma bado yanakula umeme. Kichwa kifupi cha magurudumu manne kinakwama pale pale, na mtoto anakisukuma kwa kidole. Njia ya pili ni moyo wa chuma ambao unabadilisha umeme wake kufuatana na ndimi zilivyolala. Treni inapita bila kusita hata ikienda polepole.

Sisi tunachagua moyo wa chuma. Wapo wanaosema plastiki ni rahisi kwa wanaoanza, na ni kweli: unaunga, unasahau. Lakini kwenye vumbi letu magurudumu mawili kati ya manne tayari yana uchafu. Ukiongeza kipande kisicho na umeme, unajitafutia kukwama. Moyo wa chuma una sharti moja, nalo linafundishika kwa dakika tano: umeme uingie kwenye reli kutoka upande wa ndimi, usiingie kutoka nyuma ya moyo. Ukiingiza kutoka nyuma, pointi ikigeuzwa unapata shoti. Mpango ukiulazimisha umeme uingie nyuma, lazima uweke viungio vya plastiki kukata njia ya umeme. Mpango tunaoupendekeza hapa chini haulazimishi, kwa hiyo tuko salama.

Kitu kingine ni ukali wa kona ya pointi. Peco wana pointi za N za nusu kipenyo cha milimita 305, 457 na 914. Ndogo inaokoa nafasi, kubwa inapitisha treni kwa utulivu lakini inakula ubao. Kato nao wanayo inayoitwa namba 4, ambayo ni kali, na namba 6, ambayo ni pana, yenye nusu kipenyo cha milimita 718. Ushauri wetu: tuchukue pana kadiri ubao unavyoruhusu. Pointi kali inaweza kuvisumbua vichwa virefu, na behewa refu likisukumwa kinyumenyume juu yake linaweza kuruka. Sisi kazi yetu itakuwa kusukuma kinyumenyume kila siku.

Na tugeuze kwa mkono. Vijana wengine wanataka za kubonyeza kitufe. Zile zinageuzwa na koili ndogo ya umeme, na koili hiyo inataka umeme wa sekunde moja tu. Mtoto akishikilia kitufe, koili inapata moto na kuungua. Nani ataileta nyingine hapa? Pointi za Peco zina springi ndogo, unasukuma ndimi kwa kidole zinakaa. Zile za Kato zenye koili zina pia kishikio cha mkono pembeni. Mkono unatosha, na mtoto anayegeuza kwa mkono anaona ndimi zinavyolala. Anayebonyeza kitufe anaona taa.

Ngapi? Hapa ndipo tunajua tutapata kelele. Kuna mchoro unazunguka kwenye simu wenye pointi 8. Sisi tunasema 2, na ya 3 iwe ya akiba. Mbili tu zinatosha, na tunaweza kuonyesha.

Mwingereza mmoja anayeitwa Alan Wright alitengeneza reli ndogo aliyoiita Inglenook Sidings. Ina pointi 2, ambazo zinatoa njia 3 za kuegesha mabehewa. Njia ndefu inabeba mabehewa 5, mbili fupi zinabeba 3 kila moja. Upande wa pili, njia ya kuvutia inabeba kichwa cha treni na mabehewa 3. Unaweka mabehewa 8 kwa jumla. Unaandika namba za mabehewa kwenye karatasi, unachagua 5 bila kuangalia, na kazi yako ni kuyapanga hayo 5 kwenye njia ndefu kwa mfuatano ule ule uliotoka, kwa kusukuma na kuvuta tu. Hakuna kunyanyua kwa mkono.

Inaonekana rahisi. Hesabu inasema vingine. Behewa la kwanza linaweza kuwa lolote kati ya 8, la pili lolote kati ya 7, halafu 6, 5, 4. Zidisha: ni mipangilio 6,720. Ukicheza mmoja kila siku, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 18. Kwa pointi mbili! Kwa mabehewa mafupi ya N yote hayo yanaenea kwenye ubao wetu wa sentimita 122. Na umeme unaingia mahali pamoja, mwisho wa njia ya kuvutia, upande wa ndimi za pointi zote mbili. Pointi 8 zingetupa vitu 8 vya kusafisha, vitu 8 vya kuharibika, na treni inayozunguka tu.

Kwa watoto wadogo wanaotaka kuona treni inazunguka, Jumamosi tunabandua, tunapanga mviringo wa kona za 249, wanafurahi. Jumatatu tunarudisha mpango wa darasa. Hiyo ndiyo faida ya reli zenye kitanda: vipande vilevile, kazi mbili.

Umeme tuutaje kwa kifupi. Treni za N za kawaida zinatumia umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12, na betri zetu za sola ni za volti 12. Lakini msiunge betri moja kwa moja kwenye reli. Lazima kiwepo kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo, na lazima iwepo fyuzi ndogo. Betri ya sola ikipata shoti bila fyuzi inaweza kuunguza waya, na waya unaweza kuunguza nyumba ya majani na turubai. Hilo si la kubishana. Kama fyuzi haipo kwenye orodha, treni zisiwashwe.

Tunajua swali linalokuja. Mama mmoja alituuliza wazi: mgao umepungua, watoto wana njaa, ninyi mnahangaika na midoli? Tunamheshimu, na hatutamjibu kwa kebehi. Chakula ni kwanza. Kama mfadhili angeweza kuchagua kati ya unga na reli, tungeandika unga. Lakini huyu hakuulizwa unga. Yeye ana vifaa vya treni, na vitasafirishwa tu. Swali lililobaki ni kama vitafika vikiwa kitu cha kufundishia au takataka ya pili ya plastiki. Hatusemi pia kwamba kijana akipanga Inglenook atapata kazi kwenye SGR. Tunajua sheria za kazi kwa mkimbizi, hatudanganyi mtu. Tunasema kijana atajua kwa nini umeme unapita au haupiti, ataweza kusoma kipimo, na ataweza kufikiri hatua tano mbele kabla ya kusukuma behewa la kwanza. Hayo hayaachwi mpakani.

Wengine wanasema tutengeneze reli wenyewe, mbona magari ya waya na makopo tunatengeneza? Nyumba, miti, daraja, stesheni na ubao wenyewe, ndiyo, tutatengeneza, na mafundi tunao. Pointi hapana. Wapo watu duniani wanaozitengeneza kwa mikono, lakini wana vifaa vya kupimia ambavyo sisi hatuna. Ndimi zikikosea nusu milimita, gurudumu linapanda juu.

Sasa tunageukia ninyi kaka na dada wa mashirika. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya sanduku lolote kufungwa huko Ulaya, mtume orodha yetu, siyo picha ya watoto wakitabasamu. Pili, vifaa viwe vya kampuni moja na kipimo kimoja, hata kama vitakuwa vichache. Vipande 30 vinavyoungana vinashinda 300 visivyoungana. Tatu, kama kuna pesa kidogo ya kuchagua, ipunguzwe kwenye treni iongezwe kwenye pointi. Kichwa kimoja kifupi chenye kula umeme kwa magurudumu yote kinatosha.

Na hili si la treni tu. Tumeshapokea madawati yenye skrubu zisizolingana, kompyuta zenye chaja za mashine nyingine, na pampu isiyo na mpira wake. Kila mara aliyetoa alikuwa na nia njema, na kila mara hakuna aliyetuuliza sisi tunaotumia. Kuuliza ni bure, na tukiulizwa tunajibu.

Kwa hiyo jibu letu, ambalo tunaomba lipelekwe ofisini Ijumaa kwa jina la kikundi chote, ni hili: kipimo N, milimita 9. Reli zenye kitanda, za nikeli, za kampuni moja. Kona za milimita 249 za kutosha mviringo mmoja, na vipande vinyoofu vya kutosha njia tatu. Pointi 3 pana, zenye moyo wa chuma, za kugeuza kwa mkono. Kichwa kimoja cha treni, mabehewa mafupi 8. Kifaa kimoja cha mwendo cha volti 12, na fyuzi 5. Plaiwudi tutakata wenyewe.

Ambaye hakubaliani aje ukumbini Alhamisi saa kumi jioni aseme, kalamu na futi vitakuwa mezani. Akituonyesha mpango bora unaoingia kwenye sentimita 122 kwa 61, tutabadilisha orodha mbele yake.